Breki kabla ya mteremko: jinsi ya kuitayarisha baiskeli msimu wa mvua

Mvua ya masika ikianza, barabara za Kaunti ya Kiambu hubadilika kwa siku chache tu. Vumbi jekundu la Gatundu huwa tope, lami ya Tigoni hupakwa udongo ulioletwa na maji, na wenye baiskeli hugundua kwamba breki iliyowasimamisha vizuri mwezi wa Februari haiwasimamishi tena.

Umbo la nchi yenyewe halisaidii. Sehemu kubwa ya kaunti ni migongo mirefu iliyotenganishwa na mito kama Ruiru, Ndarugu na Chania. Anayesafiri juu ya mgongo huenda bila taabu. Anayetaka kuvuka kwenda mgongo wa pili hushuka hadi mtoni, hupita daraja, kisha hupanda tena. Mara nyingi chini ya mteremko kuna kona na daraja jembamba, na upande wa pili kuna gari, pikipiki au watoto wanaotoka shule. Breki mbovu hujulikana hapo, na hapo si mahali pazuri pa kuijulia.

Baiskeli katika kaunti hii ina watu wa aina mbili. Wapo wanaoitegemea kwa kazi: mwenye mtungi wa maziwa asubuhi, mwenye magunia ya kabeji kutoka Kinale, mwenye mzigo wa nyasi za nepia uliompita urefu. Wapo pia wanaoendesha kwa mapenzi na kwa mazoezi, ambao Jumamosi na Jumapili huonekana kwa makundi wakipanda kutoka upande wa Nairobi kuelekea Limuru. Mchezo huu una mizizi hapa nyumbani. Ni huko Mai-a-ihii, Kikuyu, ambako David Kinjah, aliyewahi kuiwakilisha Kenya, aliendesha baiskeli na kijana mmoja mzaliwa wa Nairobi aitwaye Chris Froome. Froome baadaye alishinda mashindano ya Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Kundi la Kinjah, Safari Simbaz, limejulikana kwa kuwafunza vijana kushika spana sawa na wanavyofunzwa kukanyaga pedeli. Mpangilio huo una maana, kwa sababu mwenye kuijua baiskeli yake husikia inapoanza kulalamika.

Chuma kikilowa

Baiskeli nyingi za kazi ni zile nyeusi, nzito, zinazoitwa Black Mamba. Rimu zake ni za chuma kilichopakwa kromu. Zina sifa nyingi: zinabeba mzigo mzito, hazishiki kutu upesi, na zikipinda fundi huzinyoosha. Ubaya wake ni mmoja tu, nao ni mkubwa. Kromu ikilowa huteleza. Raba ya breki inaposhika rimu yenye maji, kwanza hukutana na utando wa maji wala si chuma, na baiskeli huendelea kwenda kana kwamba hakuna aliyegusa breki. Umbali wa kusimama unaweza kuongezeka mara kadhaa kuliko siku ya jua.

Rimu za alumini, ambazo huwa kwenye baiskeli za gia nyingi, hushikwa vizuri zaidi zikiwa na maji, ingawa nazo hupungua nguvu. Mwenye Black Mamba anayepata nafasi ya kubadilisha rimu akapata za alumini za ukubwa uleule atakuwa amefanya jambo la maana. Asiyepata anaweza kutumia mbinu: kabla hajafika ukingo wa mteremko, ashike breki zote mbili kidogo kidogo kwa mizunguko kadhaa ya gurudumu. Raba hufanya kazi ya kitambaa na kufuta maji. Baada ya hapo akishika kwa nguvu, breki itaitikia. Anayengoja hadi aone daraja ameshachelewa.

Ukaguzi wa dakika tano

Breki za Black Mamba huvutwa kwa fito za chuma, si waya. Fito hizo zimeungwa kwa nati ndogo nyingi, na kila nati iliyolegea hula sehemu ya nguvu ya mkono. Dalili yake ni mkono wa breki unaosafiri mbali kabla raba haijagusa rimu. Ukiugandamiza hadi ukagusa usukani, usiondoke nyumbani. Kaza nati moja moja kuanzia juu kwenye usukani hadi chini, kisha angalia kama raba za kushoto na kulia zinagusa rimu kwa wakati mmoja. Zisipogusa pamoja, mara nyingi breki haina kosa. Gurudumu liliondolewa kuzibwa pancha likarudishwa likiwa limeegemea upande mmoja.

Kwa breki za waya, tazama mahali pawili: waya unapoingia kwenye mkono wa breki, na pale unapobanwa na nati karibu na gurudumu. Waya huanza kukatika uzi mmoja mmoja sehemu hizo. Uzi mmoja ukishakatika, badilisha waya wote. Zilizobaki hazitakatika ukiwa umeegesha baiskeli dukani. Zitakatika siku utakayovuta kwa nguvu zako zote.

Raba nayo huzeeka hata isipotumika. Ile iliyokaa juani hukauka, uso wake ukawa mgumu na wa kung'aa. Ikiwa bado ni nene, isugue kwa msasa hadi weusi wa ndani uonekane, na utoe kwa ncha ya msumari vijiwe na chembe za chuma zilizojichimbia ndani yake. Sauti ya kukwaruza unayosikia wakati wa kufunga breki ni chembe hizo zikilima rimu. Raba nyingi huwa na mifereji usoni. Mifereji ikiisha, raba imeisha. Hakikisha pia raba inagusa rimu peke yake. Ikigusa tairi, italikata pembeni hadi tyubu itokeze na kupasuka.

Jaribio la mwisho halihitaji spana. Simama kando ya baiskeli, sukuma mbele, shika breki ya mbele: gurudumu la mbele lisimame kabisa na la nyuma lianze kuinuka. Shika ya nyuma: gurudumu la nyuma liburutike bila kuzunguka. Rudia jaribio hilo baada ya kumwagia rimu maji. Wengi hushangazwa na jaribio la pili.

Rimu za alumini zina jambo lao la ziada. Kila ukifunga breki, raba hula rimu kidogo, na tope la msimu wa mvua huharakisha ulaji huo. Pitisha kidole kwenye ukuta wa rimu. Ukihisi umebonyea katikati kama kijiko, ukuta umekuwa mwembamba, na siku moja upepo wa tairi utaupasua kutoka ndani. Rimu ya namna hiyo haitengenezwi, hubadilishwa. Kwa baiskeli za breki za disiki, onyo kubwa ni moja: oili isiguse disiki. Tone moja la oili ya cheni likifika hapo, breki itapiga kelele na kuteleza, na mara nyingi padi hazifai tena.

Kushuka na mzigo

Watu wengi huogopa breki ya mbele. Wameona au kusikia habari za mtu aliyerushwa juu ya usukani, kwa hiyo hutumia ya nyuma peke yake. Hofu hiyo inaeleweka, lakini inawagharimu. Baiskeli inapopunguza mwendo, uzito husogea mbele. Gurudumu la nyuma huwa jepesi na kuanza kuburutika, na gurudumu linaloburutika haliongozwi. Kwa baiskeli isiyo na mzigo, kazi kubwa ya kusimamisha hufanywa na breki ya mbele. Cha kufanya ni kuishika polepole, nguvu ikiongezeka hatua kwa hatua, huku mwendeshaji akirudisha makalio nyuma na kunyoosha mikono. Anayerushwa kwa kawaida ni yule aliyeishika ghafla akiwa ameinamia mbele, au aliyeishika katikati ya kona kwenye changarawe. Breki hufungwa kabla ya kona, baiskeli ikiwa imenyooka.

Mzigo hubadilisha hesabu. Gunia lililo kwenye keria huweka uzito nyuma, na breki ya nyuma hupata kazi kubwa zaidi kuliko kwa baiskeli tupu. Kwa hiyo anayebeba mzigo anahitaji breki zote mbili zikiwa kamili. Mzigo ufungwe karibu na kiti na chini iwezekanavyo, kwa mpira uliokazwa vizuri, kwa sababu gunia linaloyumba huyumbisha usukani.

Mwendo nao una hesabu yake. Ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kufunga breki hadi kusimama hauongezeki mara mbili. Huongezeka mara nne. Na kwa kilomita 40 kwa saa, baiskeli hupita mita 11 kila sekunde, hata kabla vidole havijafika kwenye breki. Ndiyo sababu mteremko mrefu huanzwa polepole kutoka juu. Ni rahisi kuzuia baiskeli isipate mwendo kuliko kuunyang'anya mwendo huo baadaye.

Kwenye mteremko mrefu sana, kama ule wa barabara ya zamani kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu unaoporomoka zaidi ya mita 500 hadi Bonde la Ufa, kushika breki mfululizo hupasha rimu moto. Joto likizidi, tyubu inaweza kupasuka. Shika kwa nguvu kiasi, punguza mwendo, achia, kisha shika tena. Upepo upoze rimu katikati. Tumia zote mbili ili zigawane joto. Ukinusa raba inayoungua, simama kando na ungoje. Barabara hiyo ina malori mengi, na mwendeshaji ambaye hajazoea miteremko ana sababu nzuri za kuchagua njia nyingine.

Wapo wanaoshuka wakikanyaga tairi la nyuma kwa soli ya kandambili. Mbinu hiyo ni ya zamani na huonekana kama ustadi. Ukweli ni kwamba anayeitumia hana breki, na soli iliyolowa haina nguvu kuliko raba iliyolowa.

Cheni: kipimo cha inchi 12

Breki huokoa maisha. Cheni huokoa pesa. Mafundi husema cheni "imevutika". Chuma chenyewe hakijavutika. Kilichotokea ni kwamba pini zilizo ndani ya viungo zimelika, kila kiungo kikapata nafasi kidogo, na nafasi hizo zikijumlishwa cheni huwa ndefu. Cheni ndefu haikai sawa kwenye meno ya gia. Hupanda juu ya jino na kulila upande mmoja hadi jino linachongoka kama jino la papa. Hapo mwenye baiskeli hununua cheni mpya, akaifunga kwenye meno yaliyolika, nayo ikaruka kila anapopanda mlima. Halafu huambiwa cheni ni bandia. Huenda ni bandia, lakini kwanza atazame meno.

Kupima ni rahisi kwa futi ya fundi. Kutoka pini moja ya cheni hadi inayofuata ni nusu inchi. Weka mwanzo wa futi katikati ya pini moja, kisha hesabu nafasi 24. Kwa cheni mpya, pini utakayofikia itakaa kwenye alama ya inchi 12 barabara. Ikiwa imeipita kwa moja ya kumi na sita ya inchi, yaani kama milimita moja na nusu, kwa baiskeli ya gia nyingi nunua cheni sasa, na meno yatapona. Ikiwa imepita kwa moja ya nane ya inchi, yaani milimita tatu, tarajia kununua na gia pia. Baiskeli ya gia moja huvumilia zaidi, lakini nayo isivuke milimita tatu.

Kinachoila cheni ni mchanga kuliko mwendo. Hapa ndipo penye desturi moja inayostahili kuachwa: kuipaka oili iliyotolewa kwenye injini ya gari. Oili hiyo ni ya bure, lakini ina chembe za chuma, na kwa uzito wake hunasa kila vumbi linalopita. Baada ya wiki moja cheni huwa imevaa uji mweusi unaosaga kama msasa. Mafuta ya kupikia nayo hukauka yakawa gundi. Safisha cheni kwa kitambaa na mafuta ya taa kidogo, iache ikauke, tia tone moja la oili safi nyepesi kwenye kila kiungo, zungusha pedeli nyuma, kisha futa oili yote iliyobaki nje. Hatua ya kufuta ndiyo inayosahauliwa zaidi. Oili inahitajika ndani ya kiungo. Iliyo nje kazi yake ni kukusanya vumbi. Wakati wa mvua, cheni ipanguswe na kutiwa oili kila baada ya safari ya tope, la sivyo itaamka na kutu.

Tairi na namba zake

Malalamiko ya kawaida madukani ni tairi lisiloingia kwenye rimu ingawa namba ni ileile. Sababu ni kwamba inchi za baiskeli hazisemi ukweli wote. Tairi lililoandikwa 26 x 1.75 na lililoandikwa 26 x 1⅜ ni vitu viwili tofauti. La kwanza lina kipenyo cha milimita 559 mahali linaposhika rimu, la pili milimita 590. Pembeni mwa tairi nyingi kuna namba nyingine yenye kistari, kwa mfano 47-559. Ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo hicho, zote kwa milimita. Namba ya pili ndiyo ya kubeba dukani. Black Mamba ya inchi 28 x 1½ ni 635. Baiskeli za barabarani zinazoitwa 700C ni 622, na zile za milimani za inchi 29 nazo ni 622. Zinatofautiana upana tu. Namba hii ni muhimu zaidi kwa anayenunua vipuri vya mtumba, ambako hakuna kurudisha.

Kuhusu pancha, mafundi wa Kiambu hawahitaji kufunzwa. Mambo mawili tu kwa anayejizibia njiani. Kwanza, gundi ipakwe nyembamba na iachwe dakika chache hadi isishike kidole, ndipo kiraka kibandikwe. Kikibandikwa kwenye gundi mbichi kitabanduka. Pili, kabla ya kurudisha tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi pande zote. Mwiba uliotoboa mara nyingi bado umo, ukingoja tyubu irudi. Na anayefungua pedeli akumbuke kuwa ya kulia hufunguliwa kama nati ya kawaida, lakini ya kushoto hufunguliwa kinyume. Pedeli nyingi za kushoto zimeharibiwa uzi na mtu mwenye nguvu aliyekuwa akiikaza akidhani anaifungua.

Kuonekana kwenye ukungu

Baada ya mvua huja baridi. Kati ya Juni na Agosti, Limuru na Lari huamka chini ya ukungu, na mwenye mtungi wa maziwa huwa barabarani kabla jua halijatoka. Taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma ndizo zinazomwonyesha dereva kwamba kuna mtu mbele yake. Kiakisi kwenye keria hufunikwa na gunia, kwa hiyo anayebeba mzigo afunge kiakisi au taa nyekundu kwenye mzigo wenyewe. Jaketi jeusi, baiskeli nyeusi na alfajiri yenye ukungu ni mchanganyiko mbaya. Hata shati jeupe juu ya jaketi husaidia.

Mashimo nayo hujificha chini ya maji ya mvua. Chini ya Katiba ya 2010, barabara za kaunti, taa za barabarani na usimamizi wa trafiki ni kazi ya serikali za kaunti, huku barabara kuu zikibaki chini ya serikali ya kitaifa. Mkazi anayeona shimo, daraja lililobomoka kingo au mtaro ulioziba unaomwaga maji barabarani anaweza kuripoti kwa ofisi ya msimamizi wa wadi yake. Ripoti iwe na jina la barabara, shule, kanisa au soko lililo karibu, na upande wa barabara ulioharibika. Ikiwa uharibifu uko chini ya mteremko au kwenye kona, hilo litajwe waziwazi.